Watoto wetu wanadhani kwetu kila siku ni harusi

Binti yangu ana miaka tisa, amezaliwa hapa Leicester, Uingereza. Mwezi uliopita waliambiwa shuleni waandike chakula cha kwao, naye akaandika biriani. Nikamuuliza, "Mombasa watu hula biriani lini?" Akanijibu hapo hapo: "Kila siku, mama."

Angejuaje? Watu wa pwani tukikutana huku, iwe Idi, akika au hitima, masinia ni ya biriani na pilau. Mtoto tumemwonyesha siku kubwa tu. Ile jioni ya Jumanne, mvua inanyesha, baba hajarudi na mamangu anaangalia kilichobaki jikoni, hatujampa. Na jioni kama ile, kwetu Mji wa Kale, palipikwa mseto.

Mseto ni mchele na pojo, sufuria moja, basi. Mamangu alichemsha pojo mpaka zipasuke, akatia mchele na tui jepesi, na maji yakikaribia kukauka akamimina tui zito na kuusonga kwa mwiko hadi ulainike kabisa. Pembeni papa mkavu, na ndimu na pilipili mbichi. Hakuna aliyealikwa kuja kula mseto, lakini aliyebisha hodi tukiwa tunakula alisogezewa mkeka. Mgonjwa alipikiwa wa majimaji, bila papa.

Mimi nilikaa huku miaka sita sijaupika hata mara moja. Aliyenirudishia ni jirani yangu, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Nilikuwa na homa siku ya tatu, sina hamu ya chochote. Akabisha mlango akiwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani. "Khichdi," akasema, kisha kwa Kiswahili: "Kula, mtoto. Hii chakula ya mgonjwa." Nilisimama pale mlangoni machozi yakinitoka. Miaka sita tumetenganishwa na ukuta mmoja, wala sikujua kuwa anakijua Kiswahili.

Alikuwa msichana wa miaka 17 mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Halmashauri ya mji huu iliweka hata tangazo katika gazeti la kule kuwaambia wasije Leicester. Walikuja maelfu kwa maelfu. Leo ukipita Belgrave Road unapata pojo za kila aina, samli, bizari, hata nazi iliyokunwa ikagandishwa.

Nilipopona nikaenda kumwangalia akipika. Kikombe cha mchele, kikombe cha pojo zilizopasuliwa na maganda yake, vyote vikaoshwa na kurowekwa nusu saa. Maji vikombe vitano, manjano, chumvi, akafunga sufuria ya presha. Ilipopoa akapasha samli, akatia bizari nyembamba, zikaanza kulia, kisha akafungua kikopo kidogo na chumba kizima kikanuka mvuje. Kwetu mvuje nimeuona shingoni mwa watoto wachanga, umefungwa kitambaani kuwakinga na mashetani. Kumbe kwao ni kiungo cha chungu, husaidia tumbo lisijae gesi! Akaimimina samli hiyo yote juu ya wali ule wa manjano, akaniwekea na kadhi, yaani mtindi uliochemshwa na unga wa dengu. Ule ulaini ulikuwa wa mamangu. Tofauti ni samli mahali pa nazi.

Nami sishangai, maana bahari yetu ni moja. Msafiri wa zamani Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika India aliandika habari za pojo zilizopikwa pamoja na mchele na kuliwa kwa samli asubuhi, akakiita chakula hicho kishri. Waingereza nao walikichukua kutoka India, wakatoa dengu wakaweka samaki wa moshi na mayai. Nimekionja. Kitamu, lakini si cha mgonjwa.

Sisemi nyumbani kila kitu kilikuwa kizuri. Mji wa Kale ukipika mseto siku tatu mfululizo, mtaa mzima umeshajua kwamba mambo hayaendi. Huku hakuna anayechungulia sufuria yako, na hilo lina raha yake, siwezi kulikataa. Ila huku pia unaweza kuumwa wiki nzima pasiwe na mtu anayejua. Kwetu sahani iliyofunikwa ilikuwa ikienda nyumba hadi nyumba, na haikurudi tupu. Nikiulizwa nimekosa nini huku, sisemi biriani, kwa sababu biriani ninayo. Ninachokikosa ni ile sahani.

Kwa hiyo sasa Jumanne kwangu ni mseto, wa nazi, kama wa mamangu. Mara ya kwanza binti alisukuma sahani akasema ni uji wa kijani. Wiki hii alikula akamaliza, nikampa bakuli limefunikwa ampelekee yule jirani, anayemwita Masi, yaani mama mdogo, na likarudi na achari ya embe. Akaila kwa kidole pale pale jikoni, akaniuliza kama kesho tutapika mseto tena.

Nikamwambia la, kesho ni ugali na mchicha.