Mpangilio wa tabaka kwanza, roboti baadaye

Kila ninapoketi na wenye viwanda hapa Uganda, iwe Namanve, Mukono au Jinja, kuzungumzia roboti za kupanga mzigo kwenye paleti, yale majukwaa yanayonyanyuliwa na forklifti, swali la kwanza huwa lile lile: roboti gani, ya kampuni gani, kwa bei gani. Naamini swali hilo limekaa mahali pasipo pake. Kabla ya kutaja mashine yoyote, mwenye kiwanda anapaswa kujua mzigo wake utalala vipi kwenye paleti, tabaka kwa tabaka, na kwa nini ulale hivyo. Mpangilio ndio unaoamua gripa, yaani kile kiganja kinachoshika mzigo. Gripa ndiyo inayoamua uzito ambao mkono utabeba. Uzito huo pamoja na kasi inayotakiwa ndivyo vinavyoamua aina ya roboti. Anayeanza na roboti hujikuta akipanga bidhaa zake kwa namna ambayo mashine inaiweza, hata kama namna hiyo inaziumiza.

Mipangilio mikuu ni miwili. Wa kwanza ni wa safu wima, ambapo kila katoni inakaa juu ya nyingine, pembe juu ya pembe. Wa pili ni wa kufungana, ambapo tabaka la juu hugeuzwa ili katoni zake zikalie viungo vya tabaka la chini, kama fundi anavyopanga matofali. Watu wengi wa stoo huupenda huu wa pili kwa sababu paleti inaonekana imara na haiyumbi forklifti inapokata kona. Lakini nguvu ya katoni ya karatasi kwa sehemu kubwa iko kwenye pembe zake nne. Ukiigeuza, pembe ya katoni ya juu hutua katikati ya ukuta wa ile ya chini, na uwezo wa kubeba unaweza kupungua kwa karibu nusu. Ongeza hapo unyevu wa maghala yaliyo kandokando ya Ziwa Victoria, ambao hulegeza karatasi siku baada ya siku, na utaelewa kwa nini katoni za tabaka la chini hufika sokoni zimebonyea ilhali hakuna aliyeziangusha. Kwa katoni, msimamo wangu ni safu wima, paleti ifungwe vizuri kwa nailoni, na ikibidi matabaka mawili ya juu pekee ndiyo yageuzwe ili kufunga kilele.

Tuchukue mfano wa katoni yenye milimita 400 kwa 300 na paleti ya milimita 1200 kwa 1000, ambayo ni mojawapo ya vipimo sita vilivyomo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 6780. Tabaka moja linameza katoni 10 bila kubakiza nafasi. Mstari wa kwanza una katoni nne zilizopangwa kwa upande wa 300, kwa hiyo nne zinatimiza 1200; mistari miwili inayofuata ina katoni tatu tatu zilizopangwa kwa upande wa 400, nazo zinatimiza 1200 vilevile; na kina cha mistari hiyo mitatu, yaani 400, 300 na 300, kinatimiza 1000 kamili. Ukitaka safu wima unarudia tabaka hilo hadi juu. Ukitaka kufungana unaligeuza nusu duara ili mstari wa katoni nne uhamie upande wa pili. Sasa peleka katoni hiyo hiyo kwenye paleti ya Ulaya ya 1200 kwa 800: zinaingia nane, mistari miwili ya nne nne, na ukizungusha tabaka zima nusu duara unapata tabaka lile lile. Hakuna kufungana kwenye paleti hiyo bila kupoteza nafasi. Jambo hili linajulikana kwa karatasi na kalamu, kabla ya kumpigia simu muuzaji yeyote.

Kutoka hapo hesabu ya roboti inaanza kujipanga yenyewe. Tuseme katoni ina kilo 12 na mkanda unaleta katoni nane kwa dakika. Roboti itachukua moja moja, ikiwa na sekunde saba na nusu kwa kila safari, na uzito wa katoni pamoja na gripa ya vikombe vya kunyonya hewa yenye kilo tano hivi ni kilo 17. Hiyo ni kazi ya roboti shirikishi, ile inayoweza kufanya kazi karibu na watu. UR20 ya kampuni ya Universal Robots, iliyotangazwa mwaka 2022 ikiwa na uwezo wa kilo 20, ni ya daraja hilo. Nasisitiza neno pamoja, kwa kuwa uwezo unaoandikwa kwenye tangazo unahesabu gripa, mabano na mabomba yake, na wanunuzi wengi hulisahau hilo.

Mkanda ukileta katoni 24 kwa dakika, picha inabadilika kabisa. Moja moja ingekuwa sekunde mbili na nusu kwa safari, na roboti shirikishi haifiki hapo. Njia ya busara ni kuchukua mstari mzima: safari tatu kwa tabaka, zaidi kidogo ya saba kwa dakika, sekunde nane hivi kwa kila moja. Lakini mstari wa katoni nne una kilo 48, gripa ya kuubeba inaweza kuwa na makumi ya kilo peke yake, na katoni za mstari wa katoni nne zinakaa tofauti na zile za mistari ya tatu tatu, kwa hiyo mkanda lazima uwe na kifaa cha kuzigeuza na kuzikusanya kabla hazijaguswa. Hapo tunazungumzia mkono mkubwa wa mihimili minne, yaani viungo vinne vya kujongea, uliozungushiwa uzio. Mihimili minne inatosha kwa sababu katoni haihitaji kupinduliwa. Inahitaji kubaki imelala sawa na kuzunguka tu juu ya mhimili uliosimama. Kununua mihimili sita kwa kazi hiyo ni kulipia viungo ambavyo havitatumika. Na kwa bidhaa moja isiyobadilika inayotoka kwa kasi kubwa mno, kama maji ya chupa, mashine ya kawaida ya kuunda tabaka zima na kulisukuma juu ya paleti bado inaishinda roboti, na anayeihitaji asione haya kuichagua.

Nitoe tahadhari kuhusu kasi inayotangazwa. Kampuni ya ABB ilipoitoa roboti yake ya IRB 460 mwaka 2011 iliieleza kuwa ina uwezo wa mizunguko, yaani safari za kuchukua na kuweka, hadi 2,190 kwa saa ikiwa na mzigo wa kilo 60. Sina sababu ya kuitilia shaka takwimu hiyo, ila ni takwimu ya mkono. Gripa lazima ifunge na kufunguka, mzigo lazima utulie kabla ya kuachiwa, paleti iliyojaa lazima iondoke na tupu iingie, na mpangilio wenye mizunguko mingi ya digrii 90 hula muda zaidi kuliko ule wa safu wima. Anayehesabu kwa takwimu ya tangazo atajenga mkanda ambao roboti yake haiwezi kuufuata.

Kwa mifuko, niliyoyasema kuhusu katoni yanageuka. Saruji, sukari, unga wa mahindi na chakula cha kuku havina pembe za kubeba uzito, kwa hiyo safu wima ya mifuko huteleza na kumwagika, hasa mifuko ya nailoni iliyofumwa. Mifuko lazima ifungane. Mpangilio uliozoeleka ni wa mifuko mitano kwa tabaka, mitatu upande mmoja na miwili imekingamishwa upande mwingine, kisha tabaka linalofuata linageuzwa. Kwa mifuko ya kilo 50, matabaka manane ni mifuko 40, yaani tani mbili. Gripa inayofaa ni ile ya vidole vinavyopita kati ya rola za mkanda, vinaushika mfuko kwa chini, kisha vinafunguka na kuulaza. Vikombe vya kunyonya vinaweza kuufaa mfuko wa karatasi usiovuja, lakini kwenye mfuko uliofumwa hewa hupita kati ya nyuzi na mshiko unalegea.

Kuna jambo dogo ambalo mara nyingi hupuuzwa hapo. Mfuko ukitoka kwenye mzani huwa umevimba tumboni na mwembamba mdomoni. Usipopita kwanza chini ya rola za kuusawazisha, kila tabaka litakuwa na mteremko wake, na kufikia la sita roboti itakuwa inaulaza mfuko kwenye urefu ambao programu inadhani upo ilhali haupo. Tena mdomo ulioshonwa uelekezwe ndani ya paleti, ili mshono ukifumuka unga ubaki katikati badala ya kumwagika sakafuni. Roboti hufanya hivyo bila kuchoka, mradi mtu ameiambia. Nami hutambua upesi kiwanda kilichofikiria mpangilio wake kwa kutazama tu midomo ya mifuko imeelekea wapi.

Ipo hali ya kwetu ambayo vitabu vya wauzaji haviitaji. Malori mengi yanayopakia hapa kwenda Gulu, Juba au Goma hayabebi paleti. Mzigo hupangwa upya kwa mikono ndani ya lori, na paleti hubaki kiwandani. Ikiwa paleti yako haivuki lango, basi kazi yake ni kukaa stoo na kuhamishwa na forklifti kwenye sakafu laini, na kwa katoni huna sababu yoyote ya kulipia mpangilio wa kufungana ambao unadhoofisha katoni na kupunguza kasi ya roboti. Anayesafirisha kwa kontena kupitia Malaba hadi bandari ya Mombasa ana hesabu nyingine: kontena la futi 20 linaingiza paleti 10 za 1200 kwa 1000, safari kutoka Kampala inapita kilomita 1,100, na paleti za mbao zinazovuka mipaka ya kimataifa zinatakiwa kutibiwa dhidi ya wadudu kwa mujibu wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha vifungashio vya mbao, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 hadi ndani ya mbao kwa dakika 30. Viwanda viwili vinaweza kutengeneza bidhaa ile ile na kuhitaji mbinu tofauti kwa sababu hiyo pekee.

Umeme nao uingie kwenye uamuzi. Ukikatika ghafla, gripa ya kunyonya isiyo na akiba ya hewa wala vali ya kuzuia inaachia katoni hewani. Gripa ya kubana inayofungwa kwa springi hubaki imeshika. Vivyo hivyo kwa paleti zenyewe: roboti hudhani paleti ni tambarare na iko pale pale kila mara, na paleti iliyopinda yenye ubao uliokosekana itauharibu mpangilio mzuri kuliko wote. Fedha ya kununua paleti zinazofanana iwe ndani ya bajeti ya roboti tangu mwanzo.

Wapo ambao hawahitaji roboti kwa sasa. Kiwanda kinachobadilisha bidhaa mara kadhaa kwa shifti, kila moja na katoni yake na kwa idadi ndogo, kitanufaika zaidi na meza ya kunyanyua inayoiweka paleti kwenye kimo cha kiuno cha mfanyakazi. Kwa mifuko mizito sikubaliani na kusubiri. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka ukomo wa kilo 55 kwa mwanamume mzima, lakini kanuni ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, huanza na kilo 23 katika mazingira bora kabisa, kisha hushuka. Mfuko wa kilo 50 unaonyanyuliwa mamia ya mara kwa zamu moja unavunja migongo ya vijana wetu, na hapo ndipo roboti ya kwanza ya kiwanda inapopaswa kwenda, hata kama hesabu ya fedha peke yake ingeipeleka kwenye katoni.

Ukishachora matabaka yako na kujua uzito, kasi na njia ya mzigo, mtumie muuzaji mifuko na katoni zako halisi pamoja na paleti zako zilizochakaa, si sampuli safi. Mwombe apange paleti nzima hadi tabaka la juu kabisa, kwa kasi unayoitaka, kisha akate umeme katikati ya safari mkono ukiwa umebeba mzigo. Malipo ya mwisho yasubiri matokeo ya jaribio hilo.