Si vituko tu

Mnaposema mwongozaji wa opera Tobias Kratzer amefika kuiongoza Opera ya Hamburg, Ujerumani, kuanzia 2025, kwa sababu ya vituko tu, mnampunja. Hivyo mnavyoviita vituko, ile Tannhäuser, opera ya mtunzi Wagner, ambayo Kratzer aliiandaa kwa tamasha la Bayreuth la 2019, kipande chake nilikiona kwa macho yangu. Si ukumbini, tiketi ningeitoa wapi! Ilikuwa nje, bustanini kando ya bwawa, kwenye mapumziko ya kwanza, ambayo kule huchukua saa nzima. Le Gateau Chocolat, msanii wa onyesho hilo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, ndevu zake na gauni lake, anaimba kwa sauti nzito, na wenye suti nyeusi wamesimama nyasini glasi mkononi, bega kwa bega na sisi wapita njia. Baadhi walinuna kweli. Lakini bango lililotundikwa kwenye roshani ya ukumbi, la kudai uhuru wa kutaka, kutenda na kustarehe, ni maneno ya Wagner mwenyewe, enzi zake za mapinduzi. Kratzer kayachimbua tu. Sasa nani kamkosea nani hapo? Na kuna aliyeona kazi zake tangu aingie Hamburg?