Nyumba Unayoijua Wewe, Mgeni Haijui

Watu wengi wanaoamua kupokea wageni wa kulipia kwa siku chache huanza na rangi ya ukuta, mapazia na mapambo ya kutundika, kisha hupiga picha jua likiwa limewaka vizuri na kuziweka mtandaoni. Sina ugomvi na mapazia mazuri. Ninachopinga ni kuyatanguliza, kwa sababu fedha huishia kwenye vitu vinavyoonekana pichani, ilhali atakayelala humo ataipima nyumba kwa mambo ambayo picha haina namna ya kuyaonyesha: usingizi, maji, kufuli, utulivu na usalama wake akiwa gizani. Kwa maoni yangu, kuandaa nyumba kwa ajili ya mgeni ni kuondoa, kimoja baada ya kingine, kila kitu kinachomlazimu mtu awe mwenyeji wa nyumba hiyo ndipo aweze kuishi ndani yake bila taabu.

Mwenye nyumba ana ujuzi mwingi ambao hajui kwamba anao. Anajua kwamba mlango wa mbele sharti uuvute kidogo ndipo ufunguo uzunguke, kwamba maji ya moto huchelewa kufika, kwamba kidato kimoja cha ngazi ni kifupi kuliko vingine, na kwamba swichi ya taa ya ukumbini imejificha nyuma ya kabati. Mwili wake umeshazoea, mkono unakwenda wenyewe, na kasoro hizo hazioni tena. Mgeni hukutana nazo zote kwa pamoja, tena mara nyingi usiku, akiwa amechoka na mzigo uko begani. Brian Chesky na Joe Gebbia, waanzilishi wa Airbnb, kampuni ya mtandaoni inayowaunganisha wenye nyumba na wageni wa kulipia, walipolaza wageni wao wa kwanza kwenye magodoro ya kujaza upepo katika nyumba waliyopanga San Francisco mwaka 2007, nao wenyewe walikuwa humo humo, na mgeni aliyekwama angeweza kuuliza. Leo wageni wengi hupokewa na kisanduku cha ufunguo ukutani, bila mtu wa kuwafungulia wala kuwaelekeza, kwa hiyo nyumba yenyewe inapaswa kujieleza.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kumwomba mtu ambaye hajawahi kuingia katika nyumba hiyo aje baada ya jua kutua, akiwa na maelekezo yale yale tu ambayo mgeni angepewa, na wewe ukae kimya. Usimsaidie hata neno moja. Tazama mkono wake unavyopapasa ukuta akitafuta swichi, kisha tia alama pale alipopapasa kwanza, kwa sababu hapo ndipo swichi ilipaswa kuwa, na kama fundi hawezi kuihamisha, basi taa inayojiwasha yenyewe mtu anapopita itatosha. Tazama anavyoinama mlangoni kumulika tundu la kitasa kwa simu. Bafuni, angalia kama atajua upande upi ni wa maji ya moto, maana alama nyekundu na ya buluu hufutika baada ya miaka ya kusuguliwa, na wewe hukumbuki zilifutika lini. Jambo hilo dogo lina hatari yake, kwani maji yenye nyuzi 60 za Selsiasi huunguza ngozi kwa sekunde chache, na mtoto huungua haraka zaidi kuliko mtu mzima. Kifaa cha kuchanganya maji kinachozuia joto kupita kiasi ni bora mara nyingi kuliko karatasi ya onyo iliyobandikwa kwenye vigae.

Usalama ndio mahali ambapo ujuzi wa mwenye nyumba huwa na madhara makubwa zaidi, na hapa sipendi kusikia habari ya kubana matumizi. Mwenye nyumba yenye hita au jiko la gesi huenda amezoea kuacha dirisha wazi kidogo, wala hafikirii kwa nini. Mgeni anayesikia baridi atalifunga. Gesi ya kaboni monoksidi, inayotokea pale mafuta, mkaa au gesi inapoungua bila hewa ya kutosha, haina rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo, yaani kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mtu anaweza kuzidhania kuwa ni uchovu wa safari tu, akaenda kulala. Kengele ya kutambua gesi hiyo ndiyo itakayomwamsha. Kengele ya moshi ni kifaa kingine tofauti, na nyumba inahitaji vyote viwili, vijaribiwe mara kwa mara kwa kubonyeza kitufe chake, si kwa kutazama kama kitaa kinawaka. Jikoni pawe na blanketi la kuzimia moto pamoja na maelezo mafupi kwamba mafuta yanayowaka kamwe hayamwagiwi maji. Mlango wa kutokea ufunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo. Mimi ningeahirisha ufunguzi wa nyumba kwa mwezi mzima kwa sababu ya jambo hili moja, na wala nisingeahirisha hata siku moja kwa sababu ya zulia.

Kitanda nacho kinastahili fedha kuliko sebule nzima. Godoro likiwa limebonyea, mgeni hatakumbuka kitu kingine. Kila godoro livikwe kifuniko kisichopitisha maji chenye zipu, na kila kitanda kiwe na seti tatu za shuka na foronya: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa na moja kabatini, ili mvua au kuharibika kwa mashine ya kufulia kusimfanye mtu alalie shuka mbichi. Shuka nyeupe za pamba ndizo ninazozipendelea, kwa kuwa hustahimili kufuliwa kwa maji ya nyuzi 60, ambayo huua utitiri wa vumbi, yaani vidudu vidogo mno vinavyoishi kwenye matandiko, na kwa kuwa doa likiwapo huonekana kabla mgeni hajaliona yeye. Kunguni husafiri kwenye mabegi, na hawachagui nyumba safi wala chafu. Kwa hiyo anayetandika kitanda afundishwe kukagua mishono ya godoro na nyufa za ubao wa kichwani, akitafuta vidoa vyeusi na maganda mepesi. Karibu na kichwa cha kitanda pawe na soketi na taa ambayo mtu anaweza kuizima bila kuinuka.

Kuna pia heshima ya faragha. Namba ya siri ya mlango ibadilishwe kila mgeni anapoondoka, na mlango wa chumba cha kulala uwe na komeo la ndani. Kamera za ndani sizikubali kwa sababu yoyote ile, na ninaona Airbnb walifanya jambo la haki walipozipiga marufuku duniani kote mwaka 2024, hata zile zilizokuwa zikitangazwa wazi. Vitu vya familia, nyaraka na dawa vifungiwe katika kabati moja, na makabati mengine yaachwe tupu kabisa. Kibali cha mamlaka, idhini ya mwenye jengo na bima vishughulikiwe mapema, kwani bima ya kawaida ya makazi mara nyingi haigusi madhara yaliyotokea wakati nyumba inafanyiwa biashara.

Kisichorekebishika kisemwe. Kama jirani ana mbwa anayebweka alfajiri, kama ngazi ni kali na hakuna lifti, au kama mtandao huzorota jioni, maneno hayo yaandikwe katika maelezo ya nyumba kabla mgeni hajalipa. Wapo wanaoogopa kwamba ukweli utawafukuza wageni, nami naamini utamwondoa yule tu ambaye angekuja akateseka. Mwongozo unaoachwa ndani ya nyumba uwe ukurasa mmoja, wenye namba ya simu inayopokewa usiku, mahali pa kufungia gesi, maji na umeme, na jina la mtandao na nenosiri lake.

Kila mgeni anapoondoka, nyumba huanza upya kupotoka: betri inaisha, bomba linalegea, kiti kinasogezwa mbele ya mlango wa dharura. Ikikaa tupu wiki kadhaa, maji hutuama kwenye mabomba, na bakteria aina ya Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, kwa hiyo mabomba yote hufunguliwa yatiririke kabla ya mtu mwingine kuoga. Kukagua na kurekebisha yote haya hakuwezekani katika saa mbili tatu zinazotenganisha mgeni anayetoka asubuhi na anayeingia mchana. Ndiyo maana naacha usiku mmoja wazi kati ya mgeni na mgeni, na gharama ya usiku huo naihesabu katika bei, kama ninavyohesabu sabuni na umeme.