Siku Niliyokuwa Mashine

Mama yangu akiulizwa kazi ya mwanawe hujibu, "Anachora telefone." Nimemsahihisha mpaka nimechoka. Kazi yangu ni kupanga namna mtu atakavyozungumza na huduma za serikali ndani ya simu: swali gani litangulie, kitufe kikae wapi, neno lipi litamkimbiza mtu na lipi litamtuliza. Lakini siku ile nilipokaa chini ya mwembe, kwenye ua wa ofisi ya komini moja (mtaa wa mji wenye utawala wake) hapa Lubumbashi, na simu niliyoikata kutoka boksi la sabuni, niliona kwamba mama hakukosea hata kidogo.

Tulikuwa tunajaribu huduma ya kuandikisha mtoto kwa simu. Kabla fundi wa programu hajagusa chochote, sisi huchora kila ukurasa kwenye karatasi. Mwananchi anabonyeza karatasi kwa kidole, na mmoja wetu anajifanya mashine: anatoa karatasi hii, anaweka ile. Ni rahisi, na umeme ukikatika (ulikuwa umekatika) kazi inaendelea. Sheria ni moja tu, nayo ni kali: mashine haisemi. Haicheki wala haitikisi kichwa. Ukimsaidia mtu hata kwa jicho umeharibu jaribio, kwa maana simu yake ya kweli haitamkonyeza. Wiki nzima niliwahubiria wenzangu, "Mashine haina kinywa!" Nilipenda sana kujisikia nikisema hivyo.

Asubuhi ilipita vizuri. Dada mwenzangu alikuwa akipokea watu na kuwaeleza kwamba haya ni majaribio tu, hati yenyewe watachukua dirishani kama siku zote. Saa sita akasema anakwenda kutoa fotokopi, dakika tano. Fotokopi, mji hauna umeme. Nilipaswa kujua.

Ndipo akaingia mama mmoja ambaye hakusikia maelezo yoyote. Alikuwa na mapasa, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, na kaka yao wa miaka miwili hivi akiburutwa na kitenge. Akaketi mbele yangu.

"Jambo yako, papa."

Kimya. Nilitazama karatasi. Kwetu, kijana asiyeitikia salamu ya mama mwenye watoto mgongoni ni mchawi au ni mgonjwa. Akarudia kwa sauti. Akarudia tena polepole, kwa mikono. Halafu akageukia benchi zima.

"Mungu wangu, kumbe eko bubu! Tena kijana muzuri hivi!"

Benchi likaguna kwa huruma. Mimi nikajiambia: vumilia, mashine haina kinywa.

Akaanza kubonyeza, na kwa kweli alikuwa mwepesi kuliko wote wa asubuhi. Tarehe ya kuzaliwa, akaitaja bila kusita. Ilikuwa siku ya 88, na sheria inatoa siku 90. Ukizipitisha unakwenda kutafuta hukumu tribunali, kwa hiyo mama huyu hakuja kucheza. Tukafika kwenye ukurasa wa majina. Huo ndio uliokuwa fahari yangu. Mkongomani ana jina, posnomu (jina la pili, la asili) na prenomu (lile la Kizungu au la dini), mambo yaliyotuganda tangu 1972, Mobutu alipotaka watu waache majina ya Kizungu, na fomu nyingi za kutoka nje zina nafasi ya majina mawili tu. Mimi niliweka nafasi tatu, kubwa, zenye mifano. Niliumiza kichwa wiki mbili juu ya majina matatu ya mtoto mmoja.

Mama akatazama mgongoni. Akatazama kifuani.

"Sasa huyu ni Mbuyi, na huyu ni Kabanga. Ninaandika nani?"

Sikuwa na karatasi ya jibu hilo. Akabonyeza "Endelea". Akabonyeza tena. Kwa hofu nikachomoa karatasi pekee iliyokuwa karibu, ile yenye duara la nukta na maneno "Tafadhali subiri", nikaiweka mezani. Mama akasubiri. Benchi likasimama, likatuzunguka, nalo likasubiri.

"Imekwama," akasema mmoja.

"Haikukwama," akasema mzee mwenye kofia. "Inangojea madesu."

Mama akavuta pumzi, akafungua fundo la kitenge, akaweka noti ya franka 500 juu ya "Endelea". Nikaisukuma pembeni kwa kidole kimoja, kimashine kabisa.

"Umeona? Haitoshi," akasema mzee. Ikaja noti ya pili.

Jasho lilikuwa linanidondoka hadi kwenye nafasi ya posnomu. Ndipo mtu mmoja wa benchi, aliyekuja kuandikisha ndoa na kumbe ni pasta, akaniwekea mkono kichwani na kuanza kumwomba Bwana aufungue ulimi huu uliofungwa tangu tumboni mwa mama yake. Benchi likaitikia amina. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, yule kaka wa mapasa alikuwa ameshaimeza nusu ya "Tafadhali subiri", na nusu iliyobaki ilikuwa njiani.

"Mama! Mutoto anakula karatasi!"

Sijapata kusikia vigelegele kama vile, hata harusini. Mzee alivua kofia. Mwanamke mmoja alikwenda chini kwa magoti. Wakati mama yule akimchokoa mwanawe karatasi kinywani, watu wanne walikuwa wameshapanga mstari mbele ya pasta, mmoja akilalamika mgongo. Nilijaribu kueleza kwamba mimi nasema tangu utotoni, kwamba nasema hata kupita kiasi, waulizeni nyumbani. Kila neno nililotamka liliongeza vigelegele.

Katikati ya hayo dada mwenzangu akarudi na fotokopi zake. Akanitazama mimi, mkono wa pasta kichwani, franka 1000 juu ya simu ya boksi.

"Mashine imesema?" akauliza.

Mama alikataa kurudishiwa pesa zake, kwa sababu zimekuwa sadaka, pasta akazipokea. Mapasa waliandikishwa dirishani siku hiyo hiyo, kwa kalamu. Sisi tulirudi ofisini tukachora ukurasa mpya unaotangulia ule wa majina: "Unaandikisha watoto wangapi?"

Kwenye ripoti, mahali pa matatizo yaliyoonekana, niliandika ukweli: "Mtumiaji mdogo alikula ukurasa wa kusubiri." Bosi aliirudisha, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Je, alifaulu kuendelea?"