Kamera za usalama kazini Nakuru: mfanyakazi naye aonyeshwe picha

Katika Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru, duka la jumla, benki au kituo cha mafuta kisicho na kamera ya usalama kimekuwa kitu adimu. Mjadala wa iwapo zifungwe au zisifungwe umepitwa na wakati. Kinachostahili kupimwa ni kazi zinazopewa zikishafungwa.

Wanaozitetea wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote haihusu wezi wa nje. Tuchukue kinu cha unga, ambako robota moja lina pakiti 12 za kilo mbili. Lori likipakiwa usiku, karani wa stoo anahesabu na dereva anahesabu, na mteja akilalamika kesho yake kwamba mzigo umepungua, mmoja wao atabeba lawama. Kamera iliyoelekezwa kwenye mlango wa kupakilia humaliza ugomvi huo kwa dakika chache, kwa kuwa marobota yanaweza kuhesabiwa upya, moja baada ya jingine. Hali ni hiyo hiyo kwa keshia anayeambiwa alipokea noti ya elfu moja ilhali yeye anashikilia kwamba alipewa mia tano. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kumkata mshahara mfanyakazi aliyekabidhiwa fedha iwapo upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Kwa hiyo picha safi ya kaunta inaweza kuwa kinga ya keshia sawasawa na inavyolinda mali ya mwajiri.

Kuhusu wizi wenyewe, matarajio yapunguzwe. Mapitio ya tafiti za miaka 40 kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha uhalifu ukipungua kwa takriban asilimia 13 penye kamera, hasa kwenye maegesho ya magari, ilhali uhalifu wa kutumia nguvu haukupungua kwa kiwango cha maana. Yalionyesha pia kwamba kamera inayotazamwa na mtu papo hapo hufanya kazi vizuri kuliko inayorekodi tu. Duka dogo haliwezi kumlipa mtu huyo. Kirekodi hufungiwa kabatini, diski hujaa na kufuta picha za zamani, na umeme ukikatika saa ya mtambo huweza kupotea, hata picha ya alasiri ikasomeka ya asubuhi na isilingane na risiti yoyote. Kesi ikifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kuhusu mtambo uliotoa picha hizo.

Madhara nayo si ya kufikirika. Kamera iliyofungwa kwa ajili ya wezi haichukui muda kuanza kuhesabu dakika ambazo mfanyakazi ametoka kwenda msalani, au kumwonyesha meneja, kupitia simu yake akiwa nyumbani, ni nani aliyesimama na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa, kwa kumjulisha, na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Kwa maoni yangu, kamera zibaki pale mali na fedha zinapobadilisha mikono, na ziondolewe mahali watu wanapolia chakula na kupumzikia. Zaidi ya hayo, mfanyakazi akituhumiwa, picha zinazohusika zihifadhiwe siku hiyo hiyo, naye aonyeshwe kabla ya kusikilizwa kunakotakiwa na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira. Waajiri wanahofia kwamba kufanya hivyo kutafichua pembe ambazo kamera hazifiki. Hofu hiyo ina msingi, lakini inajibika: aonyeshwe kipande kinachomhusu tu, mbele ya msimamizi, akiwa na mwenzake aliyemchagua.