Mguu Usiouma Bado Haujapona

Jumamosi iliyopita nilifika uwanjani Nyalenda, hapa Kisumu, nikakuta jina la mtoto fulani kwenye kikosi cha kwanza. Ni kiungo wa timu ya soka ya wasichana, yuko kidato cha pili. Wiki 3 nyuma nilikuwa pale pale alipotua vibaya baada ya kuruka kupiga mpira kichwa, kifundo cha mguu wa kulia kikapinduka kwa ndani. Siku ile alimwagiwa maji baridi, mtu mzima akaushika mguu akauvuta mara mbili eti urudi mahali pake, akafungwa bandeji, akarudishwa mchezoni akichechemea. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitetemeka kwa hasira.

Kifundo kikiteguka hivyo, mara nyingi hakuna mfupa uliohama. Kilichoumia ni kano za upande wa nje, zile zinazoshika mfupa kwa mfupa. Zimevutika, pengine zimechanika, na ukizivuta tena unazidisha jeraha. Asiyeweza kupiga hatua 4, au anayepiga kelele mfupa ukibonyezwa, apelekwe eksirei kwanza, mengine baadaye.

Halafu jioni huja beseni la maji moto na chumvi. Nimelelewa na beseni hilo, na aliyenikanda alinikanda kwa mapenzi, kwa hiyo nalisema hili kwa heshima: siku 2 au 3 za mwanzo, joto na kuchua huongeza uvimbe. Mguu ubanwe, uinuliwe juu ya mto, upunguziwe uzito. Barafu hutuliza maumivu, basi. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza kanuni ya kupumzisha na kuweka barafu mwaka 1978, alikiri mwenyewe mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili huweza kuchelewesha kupona.

Lakini yote hayo ni ya siku za kwanza. Linaloniuma mimi ni wiki ya pili na ya tatu, kocha anapouliza swali moja tu: "Bado unaumwa?" Mtoto anayeitaka jezi yake atajibu nini? Na wala hadanganyi. Kweli haumwi. Uvimbe umeshuka, anatembea, anapanda bodaboda, anacheka. Ndani, kano bado ni changa. Nyuzi mpya zimejengwa haraka haraka, zimepishana ovyo, na zitachukua miezi kujipanga. Tena hazijipangi kwa kulala kitandani. Hujipanga zikipewa kazi kidogo kidogo, leo kutembea, kesho kuinuka kwa vidole, baadaye kuruka, kukimbia moja kwa moja, mwishowe kukata kona. Kila hatua ingoje kesho yake: mguu ukiamka umevimba, umeuharakisha, rudi nyuma.

Kano hizo pia zina mishipa ya fahamu inayoupasha ubongo habari mguu umekaaje. Zikichanika, habari hiyo huchelewa. Mguu unakanyaga kishimo, na kabla msuli haujajikaza, kifundo kimeshapinduka tena. Mimi niliteguka mara 3 msimu mmoja. Mara ya tatu hata sikuwa na mpira. Nilikuwa natembea shambani, nikakanyaga tuta la mahindi. Hakuna aliyeniambia kwamba ya kwanza haikuwa imepona.

Basi Jumamosi nikamwita yule mtoto pembeni.

"Niko sawa, anti."

"Najua, mwanangu. Vua kiatu, simama na mguu wa kushoto, ufumbe macho."

Alisimama kimya mpaka nikachoka kuhesabu. Tukabadilisha. Vidole vya mguu wa kulia vilianza kuchimba vumbi kama kuku, kifundo kikawa kinayumba huku na huku, nikafika sita, akaniangukia begani. Akafumbua macho, akautazama mguu wake mwenyewe kwa mshangao.

Najua hali za makocha wetu. Hawana fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, pengine nauli ya timu imetoka mfukoni mwao, na benchi lina wachezaji wawili. Nakubali, ingawa shingo upande, maana kipimo kile hakikuhitaji hata shilingi. Na kusubiri si kupotea: David Rudisha, mkimbiaji wetu wa mita 800, alikosa mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013 kwa sababu ya goti, akarudi akachukua dhahabu ya dunia Beijing 2015 na ya Olimpiki Rio 2016. Na kwa wale wa goti lililofanyiwa upasuaji wa kano ya mbele inayopita katikati ya goti (ACL), utafiti wa Delaware-Oslo wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Sasa sisi wiki 3 tunaziona nyingi?

Kocha alinisikiliza, akamtoa kikosini. Hakufurahi, na timu ilifungwa. Nilikaa na yule mtoto kwenye nyasi mechi nzima, akilia kidogo, akiuliza lini.

Nilimwambia aanze kwenye ngazi ya mlangoni kwao, ashike ukuta, ainuke kwa vidole vya mguu mmoja na kushuka polepole, na ahesabu. Jana jioni alinipigia simu. Kushoto 24. Kulia 11, na wa kumi na mbili ulimshinda.