Pini ya Juu Si Pambo

Jumamosi iliyopita shangazi yangu alifika kutoka Tanga, na zawadi ya kwanza niliyompa baada ya shikamoo ni shoti ya umeme.

Sikukusudia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, ndala miguuni, laptopu mapajani ikiwa kwenye chaji, namalizia kazi iliyotakiwa kwisha Alhamisi. Yeye ndiyo kwanza anatoka bombani kunawa, yuko peku, mikono inachuruzika maji, na sakafu yetu ya saruji ilikuwa imetoka kudekiwa. Nikanyoosha mkono mmoja, wa pili umeshika mashine isianguke.

"Shikamoo shangazi."

"Mara..."

Marahaba ikaishia hapo. Akauvuta mkono, akautazama, akanitazama na mimi.

"Mwanangu, una nini wewe? Mbona unatetemesha?"

Nikamweleza kwamba si mimi, ni kompyuta. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayesikiliza uongo wa mgonjwa. Usiku ule Ayatul Kursiyu ilisomwa kwenye simu yake mpaka chaji ikaisha, na naamini haikuwa kwa ajili yake, ilikuwa kwa ajili yangu.

Wenye laptopu za bodi la bati mnaujua mtekenyo huo. Unaweka viganja, unahisi kama siafu wadogo wanapita chini ya ngozi. Ukiburuta kidole taratibu juu ya mfuniko, bati laini linageuka kuwa msasa unaovuma. Ukichomoa chaja, kimya. Tuliokuwa tunalamba betri za redio utotoni kujua kama bado zina moto tunaikumbuka ladha yenyewe, ila safari hii inapita mkononi. Na wakubwa wa lugha walivyotupa jina zuri, kompyuta mpakato! Kinachopakatwa ni mtoto. Mtoto gani huyu anampiga shoti shangazi wa watu?

Nikampigia fundi aliyeniuzia. Jibu lake ndilo lililonifanya nikae niandike haya yote.

"Kawaida hiyo, kaka. Za bati ndivyo zilivyo. Vaa ndala."

Kawaida. Nchi hii neno hilo limeua watu wengi kuliko mamba. Breki za daladala zinalia, kawaida. Ngazi haina kishikio, kawaida. Na tiba ya kila kitu chenye waya ni vaa ndala: pasi inarusha, vaa ndala, friji linapiga, vaa ndala. Sitashangaa siku moja nikikuta kandambili zinauzwa duka la vifaa vya umeme, pembeni ya fyuzi.

Haya, nimpe haki yake, kwa shingo upande. Nusu ya alichosema ni kweli. Ndani ya chaja umeme wa volti 230 unakatwakatwa maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde ili ushushwe uwe volti ishirini hivi, na ukatajikataji huo una kelele zake za kiumeme. Kuzinyamazisha, watengenezaji huweka kapasita ndogo zinazozipa kelele hizo njia ya kutokea. Kwenye chaja yenye pini tatu njia hiyo ni waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliotoroka. Ethi isipokuwepo, bati la laptopu linabaki linaning'inia katikati, karibu nusu ya umeme wa ukutani. Nilipima la kwangu kwa mita, ncha moja kwenye bati na nyingine kwenye bomba la maji: volti 97. Testa nayo ikawaka taa vizuri kabisa, kama nimeichomeka kwenye soketi.

Ukisikia volti 97 unaweza kuitupa mashine dirishani. Subiri kwanza. Volti ziko, lakini mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita, ni uzi mwembamba. Chaja ambayo kwa kuundwa kwake haina ethi kabisa, ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba (geuza yako uitazame), kanuni za kimataifa zimeiwekea mwisho wa robo ya miliampia (miliampia ni sehemu ya elfu ya ampia, kipimo cha mkondo). Mtu wa kawaida huanza kuusikia umeme mkononi karibu na nusu miliampia, ingawa ukingo mkali wa bati chini ya kifundo cha mkono, na joto hili la Dar ambalo limetulowesha jasho tangu saa mbili asubuhi, huwahisha mambo. Kwa hiyo hapana, laptopu nzima yenye chaja halisi haitakuua. Fundi, umeshinda hapo. Hapo tu.

Hata ule msasa unaovuma una historia yake. Mmarekani mmoja, Edward Mallinckrodt, aligundua kwamba shaba ya kishikio cha balbu ilikuwa na mguso tofauti taa ikiwaka na ikiwa imezimwa. Yeye hakuambiwa avae ndala. Alikaa na wenzake wakachunguza, na mwaka 1953 wakachapisha utafiti kwamba umeme unaivuta na kuiachia ngozi ya kidole kinachotembea. Simamisha kidole, mvumo unakwisha. Jaribu leo usiku.

Sasa turudi kwenye ethi, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Laptopu yangu ni mtumba wa Ulaya. Imekuja na waya wake wa pini mbili nene za mviringo, ambao ethi yake haiko kwenye pini, iko kwenye vibati vya pembeni mwa plagi. Soketi zetu ni za Kiingereza, za kanuni iliyotolewa mwaka 1947: matundu matatu, na pini ya juu ni ndefu kuliko wenzake kwa makusudi. Inatangulia kuingia, inafungua vizibo vya matundu ya chini, na inakuwa ya mwisho kutoka. Yaani ulinzi unafika kabla ya umeme na unaondoka baada yake. Mtu alikaa akafikiri.

Na sisi tukafikiri pia. Tukachukua kalamu ya Bic, tukaitia kwenye tundu la juu, vizibo vikafunguka, tukasokomeza pini mbili za Ulaya, kazi imekwisha. Nyumba ngapi mmeingia mkakuta kijiti, kifuniko cha kalamu au mpini wa mswaki umekaa kwenye soketi moja kwa moja kama mpangaji? Mimi mwenyewe nilikuwa na kijiti changu, nilikichonga vizuri, nilikipenda. Vile vibati vya pembeni vya plagi vilikuwa vinagusa hewa. Ethi yangu ilikuwa kijiti cha mwarobaini.

Nikanunua waya mpya wenye plagi yetu, pini tatu na fyuzi yake ndani. Nikachomeka kwenye ekstensheni, nikaweka viganja. Siafu wale wale.

Nikaifungua ekstensheni. Kwa nje matundu matatu kila mahali, yamepangwa vizuri, ina na taa nyekundu. Ndani nyaya mbili. Mbili! Tundu la tatu limewekwa kama madirisha yanayochorwa kwenye ukuta wa jukwaa la maigizo. Nani alikaa kiwandani akaamua hivyo, na nani akaipokea huku, na mimi niliyeinunua kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ile ya pembeni yake nilikuwa nawaza nini? Haya, la mwisho najua jibu lake.

Nikachomeka moja kwa moja ukutani. Siafu.

Ndipo nikamleta fundi mwingine, kijana mpole mwenye leseni. Akazima swichi kuu, akafungua soketi ya sebuleni. Waya wa kijani na njano ulikuwepo! Umekunjwa nyuma, umezungushiwa selotepu, haujagusa skrubu yoyote. Tukaenda kwenye swichi kuu. Nyaya zote za kijani na njano za nyumba nzima zimefungwa pamoja kama fungu la mchicha, na kutoka hapo haziendi popote. Hakuna nondo ya shaba ardhini ya kuzipokea. Haijawahi kuwepo. Mchoro wa nyumba, ambao mama mwenye nyumba alinionyesha kwa fahari, una nondo, imechorwa kwa rula, na una mhuri.

Maana yake nini? Maana yake Jumamosi ile, ndani ya nyumba ya vyumba sita, kitu pekee kilichounganisha umeme na ardhi kilikuwa shangazi yangu. Yeye ndiye aliyekuwa waya wa ethi, kwa miguu yake miwili iliyotoka kunawa.

Nikamweleza mama mwenye nyumba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Miaka tisa wapangaji wanakaa hapa, baba, hakuna aliyelalamika."

Hakuna aliyelalamika kwa sababu wote wamevaa ndala, mama! Lakini hayo sikuyasema, kodi yangu ilikuwa imebakiza wiki moja.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana najua kuna anayesoma huku anawaza kwamba nimekuza kitu kidogo. Laptopu ina huruma. Kapasita zake zimewekwa kwa hesabu zisipitishe zaidi ya ule uzi mwembamba. Friji halina hesabu hiyo. Hita ya kuogea haina. Siku waya wa ndani ya friji ukichubuka ukagusa bati, mlango wote ni volti 230 kamili, na nyuma yake kuna mkondo wote wa laini ya mtaa. Kwenye miliampia kumi hivi misuli ya kiganja inakaza na mtu hawezi tena kuachia alichoshika. Ikipanda hadi thelathini na kuendelea, moyo wenyewe uko hatarini. Ethi ingekuwepo, umeme ule ungeteremka ardhini kwa fujo na kukata swichi kabla mtoto hajafuata maji baridi. Isipokuwepo, friji linasubiri tu, linaganda barafu kama kawaida.

Na swichi yetu kuu, kumbe, ina kile kikata umeme cha miliampia 30. Kipo, kizima, kina na kitufe cha kujaribia. Lakini kazi yake ni kuhisi umeme unaotoroka, na bila waya wa ethi umeme hauna pa kutorokea. Kilikuwa kimekaa miaka tisa kinasubiri mtu awe njia.

Chumba cha tatu kuna mama mmoja anauza maji ya barafu na ubuyu. Kishikio cha friji lake kimevalishwa soksi. Soksi nene ya shule, nyeupe iliyokwishakuwa ya kahawia. Nimeiona miaka miwili nikadhani ni urembo au usafi. Wateja wake ni watoto, na nusu yao huja peku.

Nililipia nondo mwenyewe. Nondo ya shaba, waya, kibano na ufundi, vyote havikufika kodi ya mwezi mmoja. Kijana aliishindilia nyuma ya choo, mahali penye unyevu, maana mchanga wetu ukikauka hausaidii, akaunganisha lile fungu la mchicha, akapita chumba hadi chumba kurudisha nyaya kwenye skrubu zake. Nikapima laptopu: chini ya volti moja. Nikaburuta kidole, bati ni bati. Hata kishale cha kipanya, ambacho miezi yote kilikuwa kinacheza mdundiko chenyewe nikiwa kwenye chaji, kimetulia. (Wenye chaja za mraba ndani ya mraba, nondo haitawaondolea mtekenyo, ila bado mnayo friji. Na chaja za bei ya kutupa siziongelei hapa. Zile usishike hata ukiwa umevaa viatu vya mpira.)

Saa mbili usiku umeme ukakatika nyumba nzima. Tukawasha. Ukakatika. Tukawasha tena, ukakaa dakika mbili, ukakatika. Kufika saa tatu wapangaji wote wako uani na tochi za simu, na mama mwenye nyumba amesimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Tangu ulete hiyo nondo yako, baba, umeme hautulii."

Tukachomoa kimoja kimoja. Chumba cha tatu tulipochomoa friji, umeme ukatulia. Asubuhi fundi akalifungua nyuma: waya umesuguliwa na bomba la kompresa mpaka shaba imebaki uchi, inagusa bati. Muda gani? Akasema kwa kutu ile si jana wala juzi.

Sikusema neno. Nilitamani kusema mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu usiku, lakini yule mama wa maji ya barafu alikuwa ameweka mkono mdomoni anamtazama mwanawe wa mwisho, wa miaka minne, ambaye ndiye hutumwa kufuata barafu.

Friji limetengenezwa, limewashwa, umeme haujakatika tena. Mama mwenye nyumba ameniambia siku nikihama nondo niiache. Shangazi amerudi Tanga, na kabla ya kuagana alisimama mlangoni akauliza kama nimechomoa, ndipo akatoa mkono.

Soksi bado ipo kwenye kishikio. Nilimuuliza jirani jana mbona haitoi. Akacheka, akasema ataitoa, ila kwanza azoee.